Giaboksi ya Otomatiki Inapoteleza Kwenye Corolla Kuukuu

Giaboksi ya otomatiki huteleza pale injini inapozunguka kwa nguvu na magurudumu yasifuate. Dereva hukanyaga mafuta, mshale wa RPM hupanda kutoka 2,000 hadi 4,000, mngurumo huzidi, lakini mwendo hubaki uleule hadi gia ishike kwa kishindo. Injini yenye plagi mbovu huonyesha dalili nyingine: gari hutetemeka na mshale huchezacheza badala ya kupanda. Ni muhimu kutenganisha mambo haya mawili mapema, kwa sababu giaboksi nzima hushushwa bure pale kosa linapokuwa la plagi.

Katika Corolla za miaka ya 1990, kama AE100 na AE110, kila klachi ni fungu la sahani linalobanwa kwa shinikizo la oili. Oili hiyohiyo hulainisha, hupoza na hubana. Ikipungua au ikichoka, sahani hazishikani barabara. Zikiteleza huungua, na zikiungua huteleza zaidi. Ndiyo maana uchunguzi huanzia kwenye oili, kazi isiyohitaji hata spana.

Oili ya giaboksi hii hupimwa injini ikiwaka. Gari huendeshwa kwanza hadi oili ifikie joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, kisha huegeshwa pahali tambarare, hendibreki ikiwa juu. Breki ikiwa imekanyagwa, lever hupitishwa taratibu kutoka P hadi L na kurudishwa P. Kijiti cha kupimia huchomolewa, hufutwa, hurudishwa na kusomwa kwenye alama ya HOT. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wafanyavyo kwa oili ya injini. Hapo oili iliyokuwa ikizunguka ndani huwa imeshuka chini, kijiti huonyesha imejaa, na gari lenye upungufu hupewa cheti cha uzima.

Giaboksi haichomi oili. Ikipungua, imevuja: kwenye sili za shafti za magurudumu, gasketi ya sampo au mipira iendayo kwenye rejeta. Dalili ya mapema ya upungufu ni kuteleza kwenye kona na vilima, ambako oili huhama na pampu huvuta hewa. Kuijaza kupita alama nako ni hatari, kwani oili ikipigwa na vyuma hutoa povu, na povu halibani klachi. Oili nzima ni nyekundu. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua hutangaza kwamba sahani zimeanza kuteketea, na ile ya rangi ya waridi kama maziwa hutangaza kwamba bomba la kupozea limetoboka ndani ya rejeta na maji yameingia. Gari la namna hiyo halipaswi kuendeshwa tena hata kilomita moja.

Corolla hizi hutumia Dexron II au III. Toyota za baadaye, kama NZE121, hutaka T-IV, na Premio ya 2007 yenye CVT hutaka oili ya CVT pekee. Kumwaga oili yoyote nyekundu kwa kuwa inafanana kumeua giaboksi nyingi.

Oili ikiwa sawa, macho huhamia kwenye kebo inayotoka kwenye throto hadi kwenye giaboksi. Kebo hiyo huongeza shinikizo kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Ikilegea, shinikizo hubaki dogo, gia hubadilika mapema na klachi huteleza. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya mfuniko wa kebo na kizuizi chake inatakiwa kuwa milimita 0 hadi 1. Marekebisho haya ya dakika chache huokoa giaboksi ambazo tayari zimekatiwa tamaa.

Giaboksi zinazoendeshwa kwa kompyuta hueleza ugonjwa wake kupitia taa ya O/D OFF. Swichi ya kuwashia gari ikiwa ON na kitufe cha O/D kikiruhusu gia ya nne, pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi huunganishwa kwa waya, kisha taa huhesabiwa inavyopepesa. Namba 62 na 63 ni za solenoidi za kubadilisha gia, 64 ni ya solenoidi ya kufunga konvata, 42 na 61 ni za vihisi vya mwendo.

Kinachofuata ni kutazama gia gani inateleza. Kuteleza kwenye gia zote, pamoja na rivasi, huelekeza kwenye oili, chujio au pampu. Rivasi ikishika imara huku gia zote za mbele zikiteleza, mshukiwa ni klachi ya mbele. Kuteleza kwenye gia ya tatu na pia rivasi huelekeza kwenye klachi ya moja kwa moja, inayofanya kazi kwenye gia zote mbili.

Mwisho hufunguliwa sampo. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya sampo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometameta ni chuma kinachokatika, na chembe nyeusi nyingi ni tabaka la sahani za klachi. Zikionekana hizo, kubadilisha oili hakutarudisha tabaka lililokwisha. Giaboksi hushushwa, na sahani, sili na chujio huwekwa vipya.