Kuotesha Mbegu Bila Udongo: Sifongo za Gharama Ndogo kwa Darasa la Wanafunzi Wengi

Somo la kuota kwa mbegu ni miongoni mwa masomo ya mwanzo yanayomtaka mwanafunzi wa shule ya msingi aone kwa macho yake badala ya kuambiwa. Hata hivyo, katika kuwatembelea wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule za upande wa Nyamahanga, tumeona kwamba aghalabu somo hili hufanywa kwa gilasi moja iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu. Ndani ya gilasi hiyo mna pamba ya dukani na mbegu tatu au nne za maharagwe. Wanafunzi 90 hupanga mstari, kila mmoja akachungulia kwa nukta chache, kisha wote wakarudi kunakili mchoro ambao mwalimu aliuchora ubaoni tangu jana yake. Ukimwuliza mwanachuo sababu, atakujibu kwamba vifaa ni ghali.

Jibu hilo ni la kweli, nasi hatumlaumu. Lakini hapana budi tuone matokeo yake. Kifaa kilichonunuliwa kwa fedha ya mwalimu hulindwa na mwalimu. Hakiguswi, hakifunuliwi, hakiharibiwi. Na mtoto asiyeruhusiwa kufunua mbegu ili aone mzizi umefikia wapi hajifunzi kuota kwa mbegu, anajifunza mchoro. Kwa hiyo, tunapozungumzia sifongo ya bei nafuu katika makala haya, hatuzungumzii kuokoa shilingi tu. Tunazungumzia ni nani atakayeishika mbegu.

Kilimo cha maji bila udongo, yaani haidroponiki, si jambo geni katika sayansi. Katika miaka ya 1860 wataalamu wa Kijerumani Julius Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea katika maji yaliyotiwa chumvi maalumu ili wajue mmea unahitaji nini hasa kutoka ardhini. Mnamo mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alianza kuitumia njia hiyo kukuza mazao ya chakula. Siku hizi zinauzwa bustani ndogo za ndani ya nyumba, zenye taa na chombo cha maji, ambazo mbegu zake huanzishwa katika vipande vya sifongo. Vipande hivyo hutumika mara moja, kisha mwenye bustani hulazimika kununua vingine. Baadhi hutengenezwa kwa mboji ya kinamasi iliyogandishwa. Vingine kwa jiwe lililoyeyushwa kwa moto mkali na kufumwa kama sufi, ufundi ulioingizwa katika kilimo huko Denmark mwaka 1969. Ni vitu vizuri, lakini shule ya kijijini haina haja navyo.

Kabla ya kutafuta badala yake, mwalimu ajiulize sifongo hiyo hufanya kazi gani. Mbegu ili iote huhitaji maji, hewa na joto la kadiri. Chakula haihitaji kwa siku za mwanzo, kwa kuwa imejiwekea akiba yake katika ghalambegu. Udongo basi si sharti la kuota, jambo ambalo watoto wengi wa wakulima hulikataa mpaka walione. Sifongo huleta maji na hewa kwa pamoja: kuta zake hushika maji, na matundu yake hubakiza hewa. Maharagwe yaliyozamishwa kabisa ndani ya maji yana maji tele, ila hewa hayana ya kutosha, nayo huvimba kisha huoza. (Mpunga una tabia ya peke yake: mbegu yake iliyozama yaweza kutoa chipukizi hata pasipo hewa, lakini mizizi yake huchelewa. Mwalimu mwenye darasa jepesi la kuelewa aweza kuuongeza katika jaribio.) Kitu chochote kishikacho maji na hewa kwa pamoja, kisicho na sumu, chaweza kuwa sifongo.

Vitu vya aina hiyo katika sehemu zetu ni vingi. Tutaeleza vile tulivyovitumia pamoja na wanachuo.

Cha kwanza, na ndicho tunachokipendelea, ni dodoki. Mmea wake hutambaa juu ya ua bila kuhitaji malezi mengi. Tunda huachwa likauke juu ya mmea, likamenywa ganda, mbegu zikakung'utwa, na utando wake ukachemshwa kwa dakika kumi ili kuua ukungu. Dodoki lenye urefu wa sentimeta 30 likikatwa visahani vya sentimeta 2 hutoa visahani 15. Likishatumika husafishwa, likaanikwa na kutumika tena. Upungufu wake ni kwamba matundu yake ni makubwa: yanafaa kwa maharagwe na mahindi, lakini mbegu ya mchicha hupenya na kuangukia majini. Kwa mbegu ndogo, jaza matundu hayo kwa chenga za mkaa zilizochekechwa na kuoshwa mpaka maji yake yawe meupe. Shule itakayopanda mashina machache kando ya ua wake haitakosa sifongo mwaka wote.

Cha pili ni mgomba. Katika mkoa wa Kagera hakuna asiyejua mgomba, lakini ni wachache waliopata kuuchunguza. Kata ganda la mgomba uliokwisha kuvunwa ndizi, ulitazame upande wa mkato: utaona vyumba vidogo vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki. Vyumba hivyo vimejaa hewa, na kuta zake zimejaa maji. Ni sifongo iliyokwisha kutengenezwa! Kata vipande vya sentimeta 3 kwa 3, vilaze majini usiku kucha ili utomvu upungue, umwage maji hayo, kisha utoboe mwanya kwa kijiti na kupachika haragwe moja katika kila kipande. Kipande hicho hakidumu. Baada ya juma moja hivi hugeuka rangi na kuanza kunuka. Lakini kwa kawaida haragwe huwa limekwisha kutoa mzizi kabla ya hapo, hata kama baridi ya Ngara mwezi Juni na Julai huweza kulichelewesha.

Juu ya mgomba tuna onyo zito. Mnyauko wa migomba usababishwao na bakteria ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, nao huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Basi wanafunzi wasitumwe kuleta kila mmoja kipande kutoka kwao. Mwalimu achukue mgomba mmoja tu, mzima, kutoka shamba la shule au la jirani aliyeridhia. Panga lipitishwe katika moto kabla na baada ya kukata. Na mabaki yasirudishwe migombani. Ikiwa kuna shaka yoyote, aache mgomba, atumie dodoki. Hakuna somo lenye thamani ya shamba la mzazi.

Pamba nayo hulimwa upande wa Biharamulo, na wanachuo wengi hudhani kwamba pamba ya shambani yaweza kutumika vile vile ilivyo. Haiwezekani. Nyuzi za pamba mbichi zimefunikwa kwa nta, na maji huteleza juu yake kama juu ya jani la yugwa. Pamba ya dukani hunyonya maji kwa sababu nta hiyo imekwisha kuondolewa kiwandani. Mwalimu aweza kufanya kazi hiyo mwenyewe: aichemshe pamba katika maji ya majivu yaliyochujwa kwa muda wa saa moja, kisha aisuuze mara nyingi mpaka utelezi uishe. Kuziweka pamba hizo mbili, iliyochemshwa na isiyochemshwa, juu ya beseni la maji na kuwaacha watoto watazame ipi itazama ni somo kamili peke yake.

Mabaki ya godoro la sponji hupatikana kwa fundi wa viti. Hayaozi, na hudumu kwa misimu mingi. Yaoshwe kwa sabuni, yasuuzwe, kisha yabinywe chini ya maji mpaka mapovu ya hewa ya ndani yapungue, kwani sponji kavu hukataa maji. Sisi huyatumia kwa kulinganisha tu, wala hatuyapeleki bustanini, kwa kuwa vipande vyake hubaki ardhini miaka na miaka. Makumbi ya nazi, yanayosifiwa sana na walimu wa pwani, kwetu ni ya safari ndefu. Anayeyapata ayasuuze kwanza, maana yaweza kuwa na chumvi ya bahari.

Sasa tuje darasani. Tuseme darasa lina wanafunzi 90 na kila mmoja apewe mbegu tatu. Hizo ni mbegu 270 za maharagwe, ambazo hazifikii robo kilo. Vyombo ni vitako vya chupa za plastiki zilizokatwa au makopo matupu. Mbegu ziwe za kula, zisizopakwa dawa ya wadudu wa ghalani, na zilowekwe usiku mmoja. Wanafunzi wapangwe katika makundi, na kila kundi lipewe sifongo ya aina yake: dodoki, mgomba, pamba iliyochemshwa, sponji. Kundi moja lizamishe mbegu zake katika maji matupu. Mwalimu asitangaze ipi itashinda.

Hapa ndipo somo linapopata uzito wake. Makundi yote yatumie mbegu za debe moja, yaweke vyombo mahali pamoja, yaanze siku moja; kitu kimoja tu kibadilike, yaani sifongo. Usiwape wanafunzi kanuni hii, bali waulize: "Kundi la dirishani likitangulia, tutajuaje kama ni dodoki lililosaidia au ni jua?" Watalumbana, na katika kulumbana watahamisha vyombo wenyewe. Kadhalika waafikiane mapema juu ya maana ya "kuota". Je, ni ngozi kupasuka, au ni mzizi kuonekana? Sisi huwashauri waseme mbegu imeota mzizi wake unapofikia urefu wa milimita 2, lakini darasa likichagua kipimo kingine na kukishika kwa wote, ni sawa.

Kila asubuhi mwanafunzi afunue mbegu zake, ahesabu, apime na kuandika. Mbegu moja kati ya tatu aruhusiwe kuipasua siku ya tatu ili aone kijusi kilivyolala kati ya ghalambegu mbili. Hili ndilo lisilowezekana katika gilasi ya mezani, na mwanachuo anayelizuia kwa hofu ya kuharibu mbegu hukumbushwa kwamba mbegu ni za kuharibiwa. Matokeo ya makundi yaandikwe ubaoni, yageuzwe kuwa asilimia katika kipindi cha hisabati, na kundi la maji matupu lisichekwe; lina jambo la kueleza kuliko wengine.

Miche ikishatoa majani yake ya kweli, akiba ya ghalambegu inakaribia kwisha, na maji matupu hayatoshi tena. Majani yataanza kufifia. Kuendelea na haidroponiki hapo kwahitaji chumvi za naitrojeni, fosforasi, potasiamu na nyinginezo kwa vipimo, nasi hatuoni sababu ya kuzinunua. Miche ihamishiwe shamba la shule jioni ya siku yenye mawingu, au asubuhi na mapema ikiwa mvua za vuli zimekwisha kuanza. Iliyo katika dodoki ipandwe pamoja na kisahani chake, kwani mizizi huwa imeshikana na nyuzi na ukiivuta itakatika. Iliyo katika sponji ichomolewe taratibu chini ya maji. Kila mche uwekewe kijiti chenye jina la mwenyewe, na siku uliopandwa iandikwe katika daftari lile lile.