Kovu la Umio na Madhara Yanayochelewa

Umio ni mrija wa misuli upelekao chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake hukaribia sentimeta 25. Utando wake wa ndani ni laini, nao hauna kinga dhidi ya kemikali kali.

Mojawapo ya kemikali hizo ni kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, itumiwayo kutengenezea sabuni. Katika nyumba yoyote, iwe Kaniha wilayani Biharamulo au Dar es Salaam, ikihifadhiwa katika chupa ya maji, mtoto mwenye kiu huweza kuinywa. Katika sufuria alkali hii hugeuza mafuta kuwa sabuni. Ndani ya umio hufanya vivyo hivyo: hushambulia mafuta ya chembe hai, huyeyusha protini, na kupenya hadi kwenye misuli.

Jeraha likipona huacha kovu, na kovu husinyaa. Baada ya wiki au miezi kadhaa umio huwa mwembamba: kwanza ugali haupiti, kisha uji, mwishowe hata maji. Tiba yake ni kuupanua umio hospitalini, mara nyingi kwa kurudiarudia.

Yako pia madhara yatokeayo kwa nadra. La kwanza ni tundu baina ya umio na njia ya hewa. Mgonjwa hupaliwa kila anywapo, na hupata nimonia mara kwa mara. Betri ndogo bapa iliyokwama kooni huweza kuleta tundu hilo, kwa kuwa umeme wake hutengeneza alkali papo hapo. Tundu huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya betri kutolewa.

La pili ni saratani, ambayo huweza kuzuka katika kovu baada ya miaka 30 au 40. Basi mtu aliyeungua akiwa na miaka 5, akianza kumeza kwa shida akiwa na miaka 45, asidhani ni kovu la zamani tu. Apelekwe kwenye hospitali ya rufaa, kama vile Bugando, Mwanza, umio ukaguliwe kwa darubini.

Aliyekunywa kostiki asitapishwe, maana itamuunguza mara ya pili. Asipewe siki wala limau. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye.

Maswali
1. Asidi na alkali zikikutana hutoa nini kinachoweza kuzidisha jeraha?
2. Kwa nini kupona kwa jeraha si mwisho wa hatari?