Kutu ndani ya mishipa ya damu



Jembe likiachwa nje kwenye umande linashika kutu. Mafuta ya kula yakiachwa wazi muda mrefu yanaharibika na kunuka. Kinachofanya hivyo ni oksijeni, hewa hiyo hiyo tunayoivuta ili tuishi. Je, mnajua kwamba jambo kama hilo hutokea hata mwilini mwetu?

Mwili hutumia oksijeni kuunguza chakula ili upate nguvu. Kama moto wa kuni unavyorusha cheche, kazi hiyo nayo inatoa cheche ndogo sana zisizoonekana. Mwili wenye afya unazizima wenyewe. Lakini mtu akivuta tumbaku, au akiwa na kisukari au shinikizo la damu, cheche huzidi.

Katika damu mna mafuta yaitwayo kolesteroli. Yakizidi, mengine hupenya kwenye ukuta wa mshipa. Cheche zikiyapata, yanaharibika. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huja kuyala. Zikishiba zinakwama humo humo. Mwaka hadi mwaka uchafu unaongezeka na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja uchafu huo unapasuka, damu inaganda, njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo, sehemu ya moyo inakufa. Ikiziba kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi.

Basi, tununue vidonge vya vitamini vizime cheche? Huko Uingereza madaktari walijaribu kwa watu zaidi ya 20,000 wenye hatari ya kuugua moyo. Nusu yao walimeza vitamini kila siku kwa miaka 5. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Majibu yalitolewa mwaka 2002: vitamini hazikupunguza ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Kwa hiyo tusiuze kuku kununua vidonge hivyo.

Tufanye haya:

1. Tuache tumbaku.
2. Tule mboga za majani na matunda. Tupunguze chumvi.
3. Tupime shinikizo la damu, hata kama hatuumwi. Ugonjwa huu hukaa kimya.
4. Aliyepewa dawa za shinikizo asiziache eti kwa sababu amepata nafuu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mambo gani yanayozidisha cheche mwilini?
2. Mshipa wa damu unazibaje?
3. Wewe ulipima shinikizo la damu lini?