Njia Kupitia Shamba la Jirani: Mwongozo kwa Wakazi wa Nakuru

Mashamba mengi ya Njoro, Bahati, Subukia na Rongai yalikuwa ya walowezi. Baada ya Uhuru, kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro na Ndeffo zilinunua mashamba kwa michango ya wanachama, yakakatwa vipande vidogo. Barabara zilichorwa kwenye ramani, lakini aliyetangulia kuingia aliweza kulima hadi katikati ya barabara, na wa nyuma akapita alipopata upenyo. Wazee walioelewana kupitishana hivyo wengi hawako tena. Watoto wamerithi, wakagawana, wakauza. Mnunuzi mgeni akiona ng'ombe na bodaboda zikikatiza kwake, anaweka ua. Hapo ugomvi huanza.

Anzeni na ramani

Kabla ya kurushiana maneno, nendeni kwenye ofisi ya ardhi mchukue nakala ya ramani ya eneo lenu. Huenda barabara ipo, ila imepandwa mahindi. Hiyo si hisani ya jirani; ni ya kila mtu. Mkibishana inapopita, mwandikieni Msajili wa Ardhi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hakiruhusu mahakama kusikiliza kesi ya mpaka ambao Msajili hajauamua. Msajili huwaita majirani wote na kuwasikiliza, mpimaji akiwepo. Usiguse bikoni, yaani alama ya mpaka, wakati huo: kuing'oa bila idhini ni kosa la jinai.

Ramani isipokuwa na njia

Hapa ndipo watu huumizana bure. Mzee akikuambia, "Pita tu, mama," amekupa ruhusa, na ruhusa haigeuki kuwa haki hata ikidumu miaka mingi. Lakini aliyepita kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, kwa amani na kama mwenye haki, bila kuomba wala kuzuiwa, anaweza kuipata haki ya njia chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Hupati udongo; unapata kupita tu. Inasikitisha kuona mtu akifunga geti lililokuwa wazi tangu enzi za baba yake kwa kuogopa sheria hii, ilhali karatasi moja inayosema "nimemruhusu", yenye sahihi za wote wawili, ingemlinda yeye na kumwachia jirani njia.

Shamba lililozingirwa kabisa lina mlango mwingine. Kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mwenye shamba hilo nafasi ya kuiomba mahakama amri ya njia. Mahakama hupima jinsi alivyozingirwa, kama alijaribu kuelewana na jirani, na nani ataumia zaidi. Inaweza kuagiza fidia ilipwe, kwa hiyo msiende mkitarajia ardhi ya bure.

Mkielewana, andikeni

Makubaliano ya mdomo ni rahisi kukanwa shamba likiuzwa. Andikeni upana kwa mita, inapoanzia na inapoishia, nani atatengeneza mtaro, na nini kitapita: njia ya mguu haitoshi kwa lori la viazi kutoka Molo. Kisha isajilini, ili ionekane kila mtu anapofanya sachi, yaani kukagua rekodi ya shamba. Wazee na chifu wanafaa sana kuwapatanisha, na Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho, ila chifu hana mamlaka ya kukata njia katika shamba la mtu.

Njia ikifungwa ghafla

Usivunje ua. Piga picha, chukua sachi na ramani, tafuta kumbukumbu za kikao cha wazee, na uandike majina ya majirani walioitumia njia hiyo kwa muda mrefu. Ukiwa na hayo, unaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nakuru, amri ya muda ya kufungua njia wakati kesi ikiendelea.