Mchezo Ndio Darasa la Kwanza: Michezo, Chemshabongo na Uchoraji kwa Watoto Wetu

Shule zinapofungwa, nyua za Kangundo hujaa watoto tangu asubuhi. Wakubwa wana kahawa ya kuchuma, ng'ombe wa kunywesha na bidhaa za kupeleka sokoni. Katika pilkapilka hizo, mara nyingi mtoto hutulizwa kwa kupewa simu.

Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asitazame skrini kwa zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kukimbia, kuruka na kucheza kila siku.

Kucheza pia ni haki. Inatajwa katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990. Nayo Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Hata hivyo, mwalimu wa PP1 humpokea mtoto ambaye tayari ameishi nyumbani miaka minne. Vidole vilivyozoea kuokota, kupanga na kuchora havitaabiki sana kushika penseli.

Shughuli zifuatazo hazihitaji kununua chochote.

1. Kupanga nafaka (miaka 3 hadi 5)

Changanya mahindi, maharagwe na mbaazi kwenye sinia. Mtoto atenge kila aina peke yake. Akizoea, panga mstari: hindi, haragwe, hindi, haragwe. Muulize, "Ni nini kinafuata?" Kisha weka vifuniko 5 vya soda, mwambie afumbe macho, ondoa viwili, naye aseme vimepungua vingapi. Hiyo tayari ni hesabu ya kutoa.

Tahadhari: mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachiwe nafaka wala vifuniko. Huviingiza puani, masikioni au kooni. Hata aliye mkubwa kidogo asiachwe peke yake.

2. Shisima (miaka 6 na zaidi)

Huu ni mchezo wa watoto wa Watiriki, magharibi mwa Kenya. Chora chini umbo la pembe 8, kisha piga mstari kutoka kila pembe hadi katikati. Kituo cha katikati ndicho shisima, yaani kisima.

Wachezaji ni wawili. Mmoja ana mahindi 3, mwingine maharagwe 3. Kila mmoja hupanga kete zake kwenye pembe 3 zinazofuatana upande wake, na pembe 1 hubaki wazi kila upande kati yao. Kwa zamu, mchezaji husogeza kete moja kwa kufuata mstari hadi kituo cha jirani kilicho wazi. Kuruka kete hakuruhusiwi. Anayepanga kete zake 3 kwenye mstari mmoja unaopita katikati ndiye mshindi. Mkirudia hatua zilezile mara tatu, mmetoka sare.

3. Kuchora kwa udongo na makaa (miaka 3 na zaidi)

Anza na kijiti ardhini: mduara, mraba, pembetatu. Mwonyeshe kwamba mraba na pembetatu hufanya nyumba. Kisha mpe kipande cha katoni na kaa lililopoa.

Rangi hutengenezwa nyumbani. Chekecha udongo mwekundu, uchanganye na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ushike kwenye katoni. Ponda ncha ya kijiti kibichi ipate kuwa brashi.

Chora nusu ya uso au ya nyumba, umwache mtoto amalizie. Akimchora ng'ombe wa miguu mitano, usimfutie. Muulize akusimulie habari za ng'ombe huyo, kwani kusimulia nako ni somo.

4. Vitendawili na chemshabongo (miaka 5 na zaidi)

Jioni, chakula kikiwa jikoni, tegeaneni vitendawili, au ndai kwa Kikamba. Ana meno mengi wala haumi? Kitana. Babu na nyanya wana hazina kubwa hapa, na lugha ya nyumbani hukua.

Kwa walio shule ya msingi: mkulima anavuka mto akiwa na fisi, mbuzi na mzigo wa nyasi. Mtumbwi hubeba mkulima na kitu kimoja tu. Wakiachwa peke yao, fisi atamla mbuzi, na mbuzi atakula nyasi. Atavukaje? Chora mto ardhini, mtumie mawe matatu kujaribu. Jibu liko mwisho wa makala.

Mzazi, tazama anavyocheza

Mchezo huonyesha mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema. Je, husogeza katoni karibu kabisa na macho? Hageuki akiitwa kutoka nyuma? Amefika miaka 3 na bado haungi maneno mawili? Usingoje aanze shule, wala usimwite mzembe. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu, au umpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Kangundo Level 4 akapimwe. Tatizo la masikio au macho likigunduliwa mapema, mtoto husaidiwa kabla hajaachwa nyuma darasani.

Mwisho, chagueni mahali pa kuchezea mbali na barabara, mabwawa na mashimo ya maji.

Jibu: Avushe mbuzi, arudi peke yake. Avushe fisi, arudi na mbuzi. Amwache mbuzi, avushe nyasi, arudi peke yake. Amalizie kwa kumvusha mbuzi. Ni safari 7.