Fomu Mbili Zinavyopashana Habari

Wenzangu, fikirini mzani wa ndagala hapa Minago, mitumbwi irudipo alfajiri. Mpimaji hutaja uzito, karani huandika. Mpimaji hashiki daftari la karani. Programu zetu za kompyuta nazo zifuate desturi hiyo.

Tuseme katika Windows Forms, iliyotoka mwaka 2002 pamoja na .NET, tuna fomu kuu yenye jumla ya kilo, na fomu ndogo ya kuingizia uzito. Mvuvi ameleta kilo 18. Twabonyeza kitufe, na jumla haibadiliki! Sababu ni nini? Ndani ya fomu ndogo mwanafunzi ameandika neno "new", kisha jina la fomu kuu. Neno hilo huunda fomu kuu nyingine, isiyoonekana, na kilo 18 zimeandikwa huko. Ile iliyo machoni petu haina habari, na mvuvi atapunjwa malipo yake.

Yafaa fomu kuu yenyewe iifungue ndogo kwa amri ya ShowDialog, ingoje hata ifungwe, kisha isome uzito na kujumlisha. Ikiwa fomu ndogo yatakiwa kubaki wazi, maana mitumbwi ni mingi, basi itangaze tukio, yaani ipige mbiu kwamba uzito umeingia. Fomu kuu isikie na kuandika yenyewe. Mimi sipendi fomu ndogo ijue hata majina ya visanduku vya mwenzake: ukibadili jina moja, itakubidi kusahihisha fomu mbili.

Tena, kabla ya kujumlisha, hakikisha kitufe kilichobonyezwa ni cha Sawa. Aliyeghairi asihesabiwe kilo.