Marejeo ya Makala ya Jarida: Ninavyoyapanga Nikiwa Rudewa

Wengi wanaoniletea miswada niipitie kabla haijaenda jaridani huwa wamemaliza kila kitu isipokuwa marejeo. Majedwali yamekaa sawa, mjadala umenyooka, halafu mwishoni kuna kurasa tatu za majina, miaka na nukta zilizomwagwa ovyo. "Hayo madogo madogo," huniambia. Mhakiki wa jarida mara nyingi huanza kusoma huko huko kwenye madogo madogo. Mimi naishi Rudewa, na wanaonifikia wengi wao wameandika juu ya ardhi, mifugo na kilimo cha Kilosa, kwa hiyo mifano nitaitoa hapa hapa.

Anza na mwongozo wa waandishi wa jarida lenyewe. Tasnifu yako ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ilifuata kanuni za SUA, na jarida halina habari nazo. Pakua pia makala moja au mbili za toleo la karibuni, kwa sababu mara nyingine mwongozo unasema hivi na makala zilizochapishwa zinaonyesha vile. Zikipishana, mwandikie mhariri umwulize. Swali fupi na la adabu halimkeri mtu.

Sasa tuchukue andiko ambalo anayeandika juu ya Rudewa hawezi kulikwepa: makala ya Benjaminsen, Maganga na Abdallah kuhusu mauaji yaliyotokea hapa Desemba 2000, ambamo wakulima 38 walipoteza maisha. Kwa mtindo wa APA, toleo la saba lililotoka 2019, inaandikwa hivi:

Benjaminsen, T. A., Maganga, F. P., & Abdallah, J. M. (2009). The Kilosa killings: Political ecology of a farmer–herder conflict in Tanzania. Development and Change, 40(3), 423–445.

Jina la jarida na namba ya juzuu, yaani 40, huwekwa kwa herufi za mlazo. Ile 3 iliyo ndani ya mabano hubaki wima. Kichwa cha makala huanza kwa herufi kubwa, na kubwa nyingine huja baada ya nukta pacha na kwenye majina ya pekee tu. DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha andiko mtandaoni, ikiwepo, iongeze mwishoni kama kiungo kamili. Ndani ya matini, kwa kuwa waandishi ni watatu, unafupisha tangu mara ya kwanza: jina la kwanza na "et al.", au "na wenzake" ukiandika kwa Kiswahili.

Makala hiyo hiyo ukiitaja katika jarida linalotumia Vancouver, mtindo unaopendwa na watu wa tiba, inavaa hivi:

1. Benjaminsen TA, Maganga FP, Abdallah JM. The Kilosa killings: political ecology of a farmer–herder conflict in Tanzania. Dev Change. 2009;40(3):423-45.

Nukta za vifupisho vya majina zimeondoka, mwaka umehamia baada ya jina la jarida, jarida limefupishwa, na ukurasa wa 445 umebaki 45. Ile namba 1 inaonyesha kwamba ndilo andiko la kwanza kutajwa katika matini. Alfabeti haina kazi hapo. Ukihamisha aya moja, namba zote zinaweza kubadilika. Ndiyo maana siwashauri watu kuziandika kwa mkono. Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni ya bure, ipo tangu 2006, na ukishaisakinisha kwenye kompyuta inafanya kazi hata mtandao ukikata, jambo ambalo sisi wa huku tunalithamini.

Lakini Zotero hupanga kile ulichoilisha. Taarifa zinazovutwa kutoka kwenye tovuti huja na majina yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa au yaliyopinduliwa, na majina yetu ya sehemu tatu ndiyo huumia zaidi. Jumanne Moshi Abdallah, yule wa makala ya hapo juu, anaingia kwenye A, na Moshi hapo si mji. Fungua ukurasa wa kwanza wa makala uliyoisoma, ulinganishe jina moja moja. Kwa waandishi wa Kiswahili, angalia jarida lako limezoea nini: kuna wanaomweka Shaaban Robert kwenye R, na kuna wanaoliacha jina lake zima. Chagua njia moja, usiichanganye na nyingine.

Nyaraka za serikali zina mtego wake. Watafiti wetu huandika "URT" (United Republic of Tanzania) kwa kila kitu, hadi orodha inakuwa na URT 2012 nne zisizojulikana ipi ni ipi. Ukilazimika kutumia URT, tenganisha kwa 2012a, 2012b na kuendelea. Ila APA hutaka utaje taasisi iliyotoa waraka, mathalani Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Na sensa iandikwe mwaka wake bila kosa. Kilosa ya sensa ya 2002 ilikuwa na Gairo ndani yake, ya 2012 haina. Ukikosea mwaka, msomaji atadhani watu wamehama wilaya.

Sheria nazo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Na. 5 ya 1999, Sura ya 114. Kama ulisoma toleo la marekebisho la 2019, sema hivyo, kwa sababu kifungu unachokitaja huenda kilirekebishwa baada ya 1999.

Panapowashinda wengi ni nyaraka za kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi uliomo kwenye kabati la mtendaji hauna DOI wala mchapishaji, basi mtu anaandika "taarifa ya kijiji" na kupita. Mimi naiandika Halmashauri ya Kijiji kama mwandishi, kisha mwaka, kichwa kama kilivyo kwenye jalada, maneno "waraka usiochapishwa" ndani ya mabano ya mraba, na mwisho mahali ulipo: ofisi ya kijiji, kata, wilaya. Mtafiti mwingine akishuka kwenye basi la Dumila aweze kuuliza jalada hilo kwa jina lake.

Mahojiano uliyofanya mwenyewe ni data, hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Eleza katika sehemu ya mbinu ulizungumza na watu gani, lini na wapi, na ufiche majina. Kwa kata yenye historia kama ya Rudewa, jina la mfugaji au mkulima kwenye jarida linaweza kumletea maneno na jirani yake.

Kabla ya kutuma, chapa mswada kwenye karatasi. Kila unapokuta jina au namba ndani ya matini, itie tiki kwenye orodha. Andiko lililobaki bila tiki lifute. Lililotajwa lakini halimo kwenye orodha, litafute leo, usisubiri mhakiki akuulize. Na makala ikishachapishwa, tafadhali peleka nakala kwa mtendaji aliyekufungulia kabati.